Kumpima Nyoka kwa Gamba Lake

Watoto wa Ruanda hawakosi kuokota gamba la nyoka katika mashamba ya kahawa. Wakilileta darasani, baadhi ya walimu hulipima kwa rula na kuandika ubaoni: "Urefu wa nyoka." Kwa maoni yangu, hapo somo limeharibika. Gamba hunyumbuka linapovuliwa, hivyo humzidi nyoka mwenyewe kwa urefu. Tena gamba moja halionyeshi kukua. Kukua hudhihirika kwa kumpima nyoka yule yule mara kwa mara, kama awezavyo mwenye kumfuga. Yeye hulaza uzi juu ya mgongo uliopindapinda, kisha huunyosha kwenye rula. Darasani kamba iliyokunjwa yatosha kwa zoezi hilo. Nyoka hai asiletwe kamwe. Gamba nalo lipimwe, ila liandikwe kwa jina lake: urefu wa gamba.