Mgongo Sio Matako

Wahariri waliniomba nibadilishe kichwa cha insha hii. Walisema wazee wa kanisa wanasoma jarida letu, na wafanyakazi wa mashirika wanasoma pia. Nikawajibu kwamba ni hao hao ninaowaandikia.

Mimi ni mtafsiri hapa Kampala. Kazi yangu ni kukaa katikati ya Wakongomani wenzangu na watu wenye kalamu: daktari, mwanasheria, karani. Kiswahili, Kilingala na Kifaransa vinaingia sikioni, Kiingereza kinatoka mdomoni. Na nataka niseme wazi: sisi watafsiri tunadanganya. Hatudanganyi kwa kutaka pesa. Tunadanganya kwa adabu, na kwa sababu ni adabu hakuna anayetushitaki.

Katika kliniki moja ambayo sitaitaja aliingia papa mmoja wa Kivu. Mambo madogo nimeyabadilisha asijulikane. Nesi akamwambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Karibu papa, kaa kitako." Papa akabaki amesimama. Alipoambiwa tena akaegemea kiti kwa paja moja, mwili wote upande, kama abiria wa boda aliyebanwa na magunia. "Naumwa mugongo," akasema. Daktari akauliza, mgongo sehemu gani? Kimya. Halafu, kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi na si daktari: "Si mugongo, ndugu. Ni matako. Ni mule ndani. Basoda baliniharibia mule."

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Nikasikia uso unachemka. Nikasema kwa Kiingereza: ana maumivu chini ya mgongo, alipigwa na wanajeshi.

Daktari akaandika mgongo. Papa akapewa vidonge vya maumivu akaenda zake.

Miezi baadaye akaitwa mahojiano mahali pengine, na mtafsiri mwingine asiyekuwa mwoga kama mimi. Alisema yote. Aliyemhoji akafungua karatasi ya kliniki: mbona huku ulisema mgongo? Akaandika kwamba maelezo hayalingani. Papa alinitafuta mpaka akanipata Nsambya, hakuwa hata na hasira. Aliniuliza tu, "Ndugu, siku ile ulisema nini?"

Tangu siku hiyo nimelichunguza neno hilo kama mtu anayechunguza noti ya bandia.

Matako ni neno la kale kuliko mipaka yote tuliyoivuka. Waganda wanasema amatako. Kilingala kinasema matako, na Kichewa cha Malawi vilevile. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanalihesabu kati ya maneno ya urithi, yaliyotembea na mababu. Sasa angalieni maneno tunayolifungia mlango: adabu, aibu, haya, heshima. Yote manne yametoka Kiarabu. Sisemi mababu hawakuwa na haya. Walikuwa na soni, ndiyo nsoni ya Kilingala na ensonyi ya Kiluganda. Nasema tu kwamba matako alikuwa mwenyeji nyumbani kabla ya hawa wanaomfukuza.

Na hata leo hajafukuzwa kabisa. Chungu kina kitako. Mgeni anaambiwa akae kitako, hata na bibi mcha Mungu kuliko wote mtaani. Bunduki ina tako, hili halimtishi mtu. Mama anaweza kusema mbele ya mchungaji, "Walinipiga na tako la bunduki," na mchungaji ataitikia pole. Akisema lilimpiga wapi, wote wanatazama chini. Yaani bunduki inaruhusiwa kuwa na matako, mtu haruhusiwi.

Waingereza, wenye lugha ya fomu zetu, walipita njia hiyo hiyo. Neno lao la zamani ni arse. Katika karne za kati lilikuwa neno la kila siku. Chaucer, mshairi wao mkubwa wa karne ya 14, alilitumia bila wasiwasi katika hadithi ya msaga nafaka, ambamo kijana anabusu dirishani gizani akidhani ni uso. Kulikuwa na tunda waliloliita kwa neno hilo kwa sababu ya umbo la kitako chake. Kulikuwa pia na ndege mdogo mwenye weupe juu ya mkia, wakamwita "matako meupe". Baadaye neno likachafuka midomoni mwa wastaarabu. Ndege akabaki na jina, ila sauti zake zikapindwa mpaka leo anaandikwa wheatear. Ukilifasiri neno kwa neno unapata "sikio la ngano". Ndege huyo anahama Ulaya wakati wa baridi kali na kufika mpaka Afrika Mashariki, mhamiaji kama sisi. Watu waliona aibu, wakamhamisha ndege kutoka matako mpaka sikio. Mimi niliona aibu, nikamhamisha papa kutoka matako mpaka mgongo. Tofauti ni kwamba ndege hana mahojiano.

(Wenzangu waliosoma kwa Kifaransa wasicheke. Cul ni neno la kupigwa kofi na mwalimu, lakini cul-de-sac, yaani matako ya gunia, ni njia isiyotokea upande wa pili, na hutamkwa na watu waliovaa tai.)

Hapa Kampala neno letu lilifika mpaka mahakamani. Mwaka 2017 Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliandika kwenye Facebook kwamba Rais Museveni ni matako. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na ugomvi juu ya pedi za wasichana wa shule: zilikuwa zimeahidiwa wakati wa kampeni, kisha serikali ikasema pesa hazipo. Aprili akakamatwa, akashitakiwa kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, akakaa gerezani Luzira zaidi ya mwezi kabla ya dhamana. Sisi wakimbizi hatujihusishi na siasa za nchi iliyotupokea, na mimi sisemi nani alikuwa na haki. Naangalia kazi ya mtafsiri tu. Magazeti ya dunia yaliandika "a pair of buttocks", na kwa Kiingereza ilisikika karibu kama utani. Kwa Kiluganda neno lilikuwa na uzito wa jiwe. Nyanzi alilichagua kwa uzito huo. Papa wa Kivu hakuchagua kitu. Kwake lilikuwa jina la mahali panapouma. Ukiyapima matamko hayo mawili kwa mzani mmoja, unamfanya mgonjwa awe mtukanaji.

Najua mtaniambia: ndugu, desturi zetu je? Mzee aseme mambo hayo mbele ya msichana? Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ilinikamata mimi mwenyewe. Lakini adabu ilikuwa na kazi nyingine siku ile. Adabu ilikuwa kumuuliza papa kama anataka daktari mwanamume. Ilikuwa kufunga mlango, maana ulikuwa wazi. Ilikuwa mimi kusema, kama nimeshindwa, "Daktari, kuna neno linanikwama, nipe dakika." Na Kiswahili kina maneno ya staha yasiyodanganya: makalio, njia ya haja kubwa. Hayo yanaacha mwili mahali pake. Mimi sikutumia staha, niliuhamisha mwili wa mtu.

Wazee wetu hao hao wenye desturi ndio waliosema mficha uchi hazai.

Na ninyi wenye fomu, msijifiche nyuma yangu. Fomu zenu za Kiswahili zinaandika "sehemu za siri". Zipi, za mbele au za nyuma? Daktari hawezi kutibu siri. Na siri ya nani? Papa hakuweka siri yoyote. Anayefaidika na siri ni aliyemfanyia. Miaka imepita tangu Refugee Law Project ya Makerere ilipotoa filamu Gender Against Men, mwaka 2009, juu ya wanaume waliotendewa hivyo vitani. Hamwezi kusema hamkujua kuwa wapo. Lakini bado mnamweka mwanamume mbele ya meza, mnauliza "ulipigwa?", anajibu ndiyo, mnaweka alama. Halafu neno likitoka kwa shida mwaka unaofuata, mnasema hadithi imebadilika. Kabla ya kuandika kwamba maelezo hayalingani, muulizeni mtu alisema neno gani kwa lugha yake, na mliandike hilo hilo pembeni ya Kiingereza. Herufi sita tu: m-a-t-a-k-o. Wino hautaisha.

Nilirudi kliniki. Nikaomba kuandika barua kwamba kosa lilikuwa la mtafsiri, na daktari, yule yule msichana, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuona haya hata kidogo. "Ungeniambia tu," akasema. Barua imewekwa katika faili la papa. Jibu bado tunalingoja.

Siku hizi mtu akiingia simwambii akae kitako. Namuuliza, "Papa, unapenda kukaa ao kusimama?" Na anayechagua kusimama, nasimama naye.