Mwezi ndani ya aparei ndogo ya picha

Vikundi vingi vimetuuliza kama ile darubini ya umoja inaweza kutoa picha, ao ni ya kutazama tu. Inatoa. Aparei ya bei kali si lazima: ile ndogo ya kidijitali inayopiga picha za ndoa na ubatizo inatosha.

Watu wengi hungoja mwezi mpevu. Sisi tunasema hapana. Ukiwa mzima, jua linaumulika kwa mbele, vivuli vinapotea, na picha inatoka tambarare kama sahani. Bora siku ya saba mpaka ya kumi tangu mwezi uandame. Hapo, kwenye mpaka wa mwanga na giza, vivuli ni virefu na mashimo makubwa ya mwezi yanaonekana wazi. Moja linaloitwa Tycho lina upana wa kilometa 85 hivi, karibu urefu wa Ziwa Kivu lote. Tena siku hizo mwezi uko juu tayari saa kumi na mbili na nusu jioni. Watoto wanapiga picha ndani ya lupango na mlango unafungwa mapema.

Kwanza jicho: tazama kwa darubini, ukitumia kile kioo cha kutazamia kinachokuza kidogo, na zungusha mpaka mwezi uonekane vizuri. Zima flashi. Leta aparei karibu sana na kioo, bila kugusana, na vuta zumu kidogo mpaka ule mviringo mweusi wa pembeni upungue. Mwezi ukitoka mweupe tupu kama unga wa muhogo, punguza mwanga: aparei nyingi zina alama ya + na −, shusha mpaka −1 ao −2. Mkono hutetemeka, na darubini inakuza hata mtetemeko. Kwa hiyo funga aparei kwa mpira wa baiskeli, na uiache ijipige yenyewe kisha sekunde 2 ao 10. Piga 20, utabakiza 1. Mwezi ukitoroka pembeni, sogeza darubini. Dunia inazunguka, na kwa dakika 2 tu mwezi umehama upana wake mzima.

Lakini jua halina mjadala. Mtoto asielekeze darubini kwenye jua hata sekunde moja, hata akiwa na miwani ya jua. Mwanga uliokusanywa na darubini unaunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na sehemu hiyo haisikii maumivu. Mtoto hatalia, atajua baadaye kwamba haoni. Mchana darubini ikae kabatini, na ufunguo ukae kwa mama, si kwa kaka mkubwa.

Na tukisema kaka: tumeona lupango nyingi ambapo mvulana anashika darubini na dada yake anashika tochi. Wamama, badilisheni zamu. Msichana apange darubini, apige, aandike katika daftari tarehe na saa. Picha zake za mwezi mmoja, zikibandikwa kwa mfuatano, zitamwonyesha zile siku 29 na nusu kuliko ubao wetu wa darasani.

Kikundi kitakachochukua darubini juma hili kichaji betri mchana, wakati umeme uko.