Mashauri ya Nyumbani: Mchezo Upi kwa Watoto wa Shule?



Juma hili twajibu barua ya baba mmoja wa Kirungu, fundi seremala, mwenye watoto watatu shuleni. Mkubwa ni mvulana wa miaka 12, yumo darasa la sita. Wa pili ni msichana wa miaka 9. Mdogo ana miaka 6 na ndiyo kwanza aanze kusoma. Baba huyo atuandikia hivi:

"Mwalimu, tafadhali nisaidie. Mwaka jana nilikwenda Kalemie nikanunua mchezo katika sanduku zuri, kwa bei kali. Ndani mna karatasi nyingi zilizoandikwa maneno ya kigeni. Hatukuelewa kitu, na sasa sanduku lalala juu ya kabati. Halafu jirani akatuazima ubao wa dama. Dominika ya kwanza mkubwa alimshinda mdogo mara tano mfululizo, tena akamcheka. Mdogo akaupindua ubao, nami kwa hasira nikampiga. Tangu siku ile hakuna anayecheza nyumbani. Lakini jioni mkubwa hutoka, na nimesikia ya kuwa husimama sokoni penye vijana wanaocheza karata kwa fedha. Nina akiba kidogo, yatosha kununua mchezo mmoja tu. Ninunue upi?"

Barua hii imetugusa. Baba huyu auliza habari za ubao, lakini moyoni mwake auliza jambo lililo kubwa zaidi: nifanye nini ili mwanangu apende kukaa nyumbani? Basi, tumjibu kwa utaratibu.

Kwanza, tuondoe wazo la kwamba mchezo ni upotevu wa saa. Wako wazazi wasemao, "Mtoto wa shule asome, asicheze." Lakini sisi tunaofundisha twaona kila siku ya kuwa mtoto aliyezoea kuhesabu kete nyumbani haogopi hesabu ubaoni. Tena mataifa yenyewe yamekubali neno hili: Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, katika kifungu cha 31, yataja wazi haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza.

Pili, tujue ya kuwa michezo ya ubaoni si ya namna moja. Iko michezo ya bahati, iko michezo ya akili, na iko iliyochanganya hayo mawili. Mzazi asiyepambanua haya hununua kama mtu anunuaye viatu bila kupima mguu.

Mchezo wa nyoka na ngazi ni wa bahati tupu. Mtoto hurusha dadu, huhesabu nyumba, hupanda penye ngazi na kushuka penye nyoka. Hakuna shauri la kukata hata mara moja. Kwa mvulana wa miaka 12 ni mchezo wa kuchosha. Lakini kwa mtoto wa miaka 6 ni mwalimu mwema, maana hujifunza kusoma tarakimu 1 mpaka 100, kungoja zamu yake, na kushindwa bila kuona aibu, kwa sababu aliyemshinda ni dadu, si kaka yake.

Ludo imechanganya bahati na akili. Asili yake ni mchezo wa kale wa Bara Hindi. Waingereza waliugeuza na kuuandikisha kwa jina hilo mwaka 1896. Humo mtoto huchagua: nisogeze kete ipi? Nimkamate mwenzangu, au nikimbilie nyumbani? Lakini ludo ina kasoro moja kwa watoto wadogo. Hawezi kutoka mpaka apate sita. Tumepiga hesabu: katika watoto 100 wanaorusha dadu moja mara kumi, karibu 16 hawataiona sita hata mara moja. Fikirini mtoto wa miaka 6 akikaa na kutazama wenzake wakizunguka, naye yumo kizuizini! Si ajabu akilia. Dawa yake ni rahisi: kila mtoto aanze na kete moja iliyokwisha kutoka. Sheria ya mchezo haikuandikwa katika jiwe. Mradi wote wakubaliane kabla ya kuanza, wala isibadilishwe katikati.

Dama ni mchezo wa akili tupu. Hapo ndipo ilipotokea shida ya ndugu yetu seremala. Katika dama hakuna dadu ya kumwokoa mdogo. Mwenye miaka 12 akicheza na mwenye miaka 6, mkubwa atashinda leo, atashinda kesho, atashinda na mtondo. Je, kosa ni la mdogo aliyepindua ubao? Twaona kosa la kwanza ni la sisi wakubwa, tuliowaweka shindanoni wasiolingana. Hata mabondia hupimwa uzito kabla ya kupigana.

Je, tumwambie mkubwa ajifanye ameshindwa? Hapana. Hapa twapenda kuungama kosa letu wenyewe. Zamani tulipokuwa tukifundisha darasa la nne, tulikuwa tukicheza dama na wanafunzi saa ya mapumziko, na kila mara tulijiachia ili wafurahi. Siku moja mvulana mmoja, mdogo kwa umbo, alisukuma kete zake kando akasema kwa adabu, "Mwalimu, ungaliweza kunila pale, nawe hukunila. Je, mimi si mtu wa kucheza naye?" Tulinyamaza, maana hatukuwa na la kujibu. Tulidhani twamtendea wema, kumbe twamdharau. Ushindi wa kupewa hauna ladha, na mtoto huujua upesi kuliko tunavyodhani.

Njia iliyo nzuri ni kupunguza nguvu ya mkubwa waziwazi, mbele ya wote. Katika ubao wa nyumba 64 kila mchezaji ana kete 12. Mkubwa aanze na kete 8, mdogo na 12. Mdogo akishinda mara mbili, mkubwa aongeze kete moja. Hivyo kila mmoja acheza kwa nguvu zake zote, wala hakuna anayedanganya. Wakubwa waliokwisha kukomaa waweza kuendelea na ubao wa nyumba 100, ambao kila mtu huwa na kete 20.

Tatu, tusisahau hazina yetu wenyewe. Mara nyingi twatamani sanduku lenye picha za rangi kutoka Ulaya, na huku mbele ya macho yetu mna mchezo ambao wageni wengi wausoma kwa mshangao. Baluba wauita kisolo, na mara nyingi ubao wake una safu nne za mashimo saba saba. Warundi na Wanyarwanda wana igisoro, Waganda wana omweso, na watu wa pwani wana bao, lenye safu nne za mashimo manane na kete 64. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha shule ya misioni kule Tabora kabla ya kuongoza Tanzania, alijulikana sana kwa kupenda bao. Basi, mtu asituambie ya kuwa ni mchezo wa wavivu.

Bao la wazee wa pwani lina sheria nyingi, na mtoto akianza nalo hukata tamaa. Lakini kuna bao la kujifunza. Weka kete mbili mbili katika mashimo yote 32. Kila mtu atawala safu mbili zilizo upande wake. Mchezaji hutwaa kete za shimo moja, zisizopungua mbili, na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, akizunguka upande wake tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la adui linalolikabili lina kete pia, huzila hizo na kuzipanda upande wake. Ikiwa hakula, na shimo lile lilikuwa na kete, huzitwaa zote aendelee kupanda. Ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imekwisha kete, au asiye na shimo lenye kete mbili za kuchezea.

Tazameni faida yake! Mtoto wa miaka 9 hawezi kucheza bila kujiuliza, "Nikianza hapa na kete tano, nitafika wapi?" Hiyo ni hesabu ya kichwa, naye hajui ya kuwa yumo darasani. Tena bao halihitaji fedha. Mashimo yaweza kuchimbwa katika udongo chini ya mwembe, na kokoto au mbegu zikawa kete.

Kwa mtoto wa miaka 10 na zaidi iko pia sataranji. Wengine hudhani ni mchezo wa matajiri. Lakini wasomaji wengi wamesikia habari za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada alipoanza kujifunza sataranji kwa Robert Katende, mnamo mwaka 2005, penye watoto waliopewa uji na mafunzo. Mwaka 2010 aliichezea nchi yake ya Uganda katika mashindano ya mataifa huko Urusi, na mwaka 2016 maisha yake yalitolewa katika sinema. Hatusemi kila mtoto atafika huko. Twasema tu ya kuwa akili haichagui nyumba ya bati au ya nyasi.

Nne, kabla ya kununua mchezo wowote, mzazi ajiulize maswali manne. Je, mtoto aweza kuuelewa bila kusoma maneno ya kigeni? Watoto wetu huanza masomo kwa Kiswahili, na Kifaransa chaja baadaye. Mchezo wenye karatasi za Kifaransa utamfunga mdomo yule wa darasa la kwanza. Je, mchezo mmoja humalizika kwa muda gani? Mtoto wa miaka 6 huchoka baada ya robo saa, wa miaka 12 aweza kukaa saa nzima. Je, kete ikipotea, twaweza kuweka kitu kingine mahali pake? Na la mwisho: je, mimi mwenyewe naupenda? Maana mchezo usiompendeza baba na mama hautadumu mezani.

Kuhusu vijana wa sokoni, tuseme wazi. Karata si mbaya, wala dadu si mbaya. Ubaya huingia pale fedha inapowekwa katikati, maana tangu hapo mtu hachezi tena na rafiki yake, bali awinda mfuko wake. Nyumbani tusiweke dau hata la franka moja, hata la pipi. Mshindi apewe heshima ya kuanza mchezo unaofuata, basi.

Sasa, Baba mpenzi, hili ndilo jibu letu. Usinunue sanduku jingine. Wewe ni fundi. Randa na patasi unazo. Twaa ubao mnene, upande mmoja uchonge mashimo 32 ya bao, upande wa pili uchore nyumba 64 za dama. Siku mtoto atakapopata kete za sataranji, zitatumika hapo hapo. Vifuniko vya chupa 24 vitakuwa kete za dama: 12 vikae chali, 12 vifudifudi. Kwa akiba yako nunua dadu na karatasi ya ludo kwa ajili ya yule mdogo, na fedha itakayobaki nunua madaftari.

Lakini usiuchonge ubao huo peke yako. Mwite mkubwa ashike patasi pamoja nawe. Mtoto aliyetoboa mashimo kwa mkono wake hatauacha ubao wake aende kusimama sokoni. Kisha umpe kazi ya heshima: yeye awe mwalimu wa wadogo zake. Anayefundisha hacheki ashindwaye, kwa sababu kushindwa kwa mwanafunzi ni aibu ya mwalimu.

Na yule mdogo aliyepigwa? Umketishe karibu nawe jioni moja, umwambie, "Mwanangu, siku ile nilikukasirikia kupita kiasi. Njoo tucheze." Baba hapungukiwi heshima kwa neno kama hilo. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Mtoto atalijifunza hilo kwako. Akuone wewe, mkuu wa nyumba, ukishindwa na binti yako wa miaka 9 katika bao, ukatabasamu, ukazipanga kete upya na kusema, "Umecheza vema. Tuanze tena."

Wazazi wengine mnaosoma ukurasa huu, jaribuni nanyi. Simu izimwe, taa iwashwe, ubao uwekwe mezani baada ya chakula cha jioni, hata kwa nusu saa. Dagaa wamekwisha kuliwa, vyombo vimeoshwa, mama naye apate nafasi ya kuketi. Mkifanya hivyo, mtasikia watoto wenu wakisema maneno ambayo hawajawahi kuyasema mlipowauliza habari za shule. Mikono ikishughulika na kete, ulimi hufunguka.

Kwa herini mpaka juma lijalo.