Almasi ina mashahidi wake, kwa nini tusiwasikilize?

Kila suala la almasi za damu linapozuka, tunaonyeshwa karatasi. Tangu Januari 2003, utaratibu uitwao Kimberley Process umekataza almasi ghafi kuvuka mpaka bila cheti cha serikali. Siupingi utaratibu huo. Ninachouliza ni hiki: iweje neno la karani lipewe uzito wote ilhali ardhi yenyewe ina ushahidi wake?

Almasi haitoki ardhini peke yake. Aghalabu huumbika kina cha kilomita 150 au zaidi, kisha mlipuko wa volkano huipandisha ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti, ikifuatana na vijiwe vingine: garneti nyekundu au zambarau, ilmenaiti nyeusi na daiopsaidi ya kijani kibichi. Mwamba huo unapobomoka, mito huvibeba vijiwe hivyo. Navyo, kwa kuwa ni vingi mno kuliko almasi, mtaalamu huvifuata hadi kwenye chanzo kama mwindaji afuatavyo nyayo.

Botswana inadaiwa shukrani na vijiwe hivyo. Mnamo 1955 almasi chache ziliokotwa katika mto Motloutse, lakini mwamba wake haukuonekana. Mwanajiolojia Gavin Lamont akawaza kwamba huenda ardhi iliinuka zamani ikaukata mto huo sehemu zake za juu. Msako ukavuka mwinuko huo, na mwaka 1967 Orapa ikapatikana.

Si kila garneti ni shahidi, lakini. John Gurney wa Chuo Kikuu cha Cape Town alionyesha kwamba garneti ya kuaminika ni ile yenye kromiamu nyingi na kalisi kidogo. Garneti ya kijani ya Taita Taveta, pamoja na uzuri wake wote, ilizaliwa katika miamba ya aina nyingine kabisa. Anayekuuzia shamba huko kwa ahadi ya almasi, akikuonyesha garneti hiyo, ni laghai.

Turudi kwenye karatasi. Katika miaka ya 1990 Liberia iliuza nje almasi nyingi kuliko ilivyoweza kuchimba. Nyingi zilikuwa zimevushwa kutoka Sierra Leone. Karatasi zilisema Liberia, na wanunuzi wakaridhika! Almasi ikishaoshwa na kutengwa na changarawe yake, mashahidi wametupwa. Huenda ikabaki chembe iliyonaswa ndani ya jiwe. Mwaka 1984 Stephen Richardson na wenzake walipima garneti za namna hiyo katika almasi za Afrika Kusini, wakakuta umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Ni ajabu kubwa, ila umri si anwani. Nayo chembe hiyo huhesabiwa kuwa dosari, na mkata almasi huiondoa akiweza.

Kwa hiyo nashikilia kwamba ukaguzi uanzie shimoni na mtoni, wala si uwanja wa ndege. Serikali zetu za Afrika zikusanye changarawe ya kila mto na kila shimo la almasi, ziipime na kuihifadhi katika maabara zao wenyewe. Tanzania, ambako John Williamson aligundua Mwadui mwaka 1940, ina vyuo vinavyofundisha jiolojia, ianze. Na cheti kisitiwe muhuri kabla mtaalamu hajaiona changarawe ambamo almasi hiyo ilitolewa.