Nyuki Mweusi Asihukumiwe Bure

Tabora yasifika kwa asali, na mjini kwetu kuna chuo cha ufugaji nyuki. Kwa hiyo sisi wanafunzi wa hapa hudhani twamjua nyuki. Lakini tumjuaye ni yule wa mzinga tu. Yule mkubwa mweusi avumaye chini ya paa twamwita dondora, twampiga kwa ufagio, na tundu lake twalimiminia mafuta ya taa. Kwa maoni yangu hii si haki.

Kwanza tumtambue. Urefu wake hupita sentimita 2, na mgongo wa tumbo lake wang'aa. Jike mara nyingi ni mweusi mtupu, au ana mikanda myeupe au ya manjano. Dume wa aina nyingine ni wa manjano mwili mzima, hata watu humdhani mdudu mwingine. Dume ndiye asimamaye hewani mbele ya uso wa mtu kama askari, wala hana mwiba. Jike anao, ila ni nadra kuutumia asiposhikwa.

Wataalamu humwita Xylocopa, maana yake kwa Kigiriki ni mkata miti. Hana mzinga wala jeshi. Jike hutoboa mti mkavu tundu la mviringo, kisha hukata kona na kufuata urefu wa mti. Ndani huweka donge la chavua na maji matamu ya maua, hutaga yai moja, hufunga chumba kwa unga wa mbao, ndipo aanze kingine. Mbao hali. Mlaji wa boriti zetu ni mchwa.

Wengine watasema, "Hata hivyo anatoboa, na majengo ya zamani yataharibika." Neno hili lina uzito hapa kwetu, kwenye njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kule Kwihara tunalo tembe la makumbusho, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Ni kweli, matundu yakiongezwa mwaka hata mwaka, boriti hudhoofika. Lakini dawa yake si kuua. Boriti ipakwe rangi, matundu yazibwe makinda yakiisha kutoka, na gogo kavu liachwe kando ya shamba. Tukimaliza miombo kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, atakaa wapi ila darini?

Tena tukumbuke faida. Ua la nyanya au bilinganya huficha chavua ndani ya vifuko vyembamba. Nyuki mweusi hulikumbatia ua, akalitikisa kwa mvumo wake mpaka chavua ikamwagika. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo.

Basi wenzangu, tusimpime kila nyuki kwa kibuyu cha asali. Huyu hulipa ujira wake shambani. Tumwachie gogo lake.