Mbuzi Juu ya Kinga: Tusome Mbele ya Kukula



Siku ya posho moja nilikuwa mu njia ya soko ya Kenya. Yaya mmoja akapita na kinga, nyuma alifunga mbuzi watatu miguu juu, kichwa cha mmoja kikigonga-gonga kwa gurudumu. Walikuwa wanalia sana. Nikamwambia: «Yaya, hawa wanateseka.» Akacheka: «Weye, unakulaka nyama ao hapana?» Nilikosa jibu, kwani bukari na nyama ya mbuzi napenda kabisa.

Jibu nililitafuta mu vitabu. Vitatu nawashauri ninyi pia msome.

Cha kwanza tuko nacho wote: Biblia. Mwanzo 9 inamruhusu Noa kula nyama, na wengi wanafunga kitabu pale pale. Lakini Mithali 12:10 inasema mwenye haki anajali maisha ya mifugo wake, na Kumbukumbu 25:4 inakataza kufunga kinywa cha ng'ombe anayepura nafaka. Basi ruhusa ya kula si ruhusa ya kutesa.

Cha pili ni cha Albert Schweitzer, munganga na muhubiri aliyefika Lambaréné, kule Gabon, mu 1913. Mu 1915, akiwa mu mashua juu ya mto Ogooué, alipata neno alilolitafuta siku nyingi: heshima kwa uzima. Alilieleza mu kitabu «Kultur und Ethik», mu 1923. Anafundisha kwamba kila chenye uzima kinataka kuishi sawa vile mimi nataka. Lazima ikitusukuma kuua, tusiue ovyo.

Cha tatu ni «Animal Liberation» cha Peter Singer wa Australia, cha 1975. Yeye haulizi kama mnyama anajua kusema. Anauliza kama anasikia maumivu. Anaonyesha kuku wanaosongamana mu viwanda, kisha anasema tuache nyama. Hapo mimi sifuati yote. Mama mwenye watoto wengi, akipata ndakala ao vinkubala vya kupika, nani atamhukumu? Lakini kuku wa frigo wanaotoka ngambo, tunajua waliishi namna gani?

Tusiseme pia kwamba ni maneno ya Wazungu tu. Hapa kwetu Lubumbashi, tangu 2006, kituo cha J.A.C.K. kinalea sokomutu wadogo walionyang'anywa wafanya biashara. Mara nyingi mama anauawa, nyama yake inauzishwa, na mtoto anauzishwa akiwa mzima. Mu Septemba 2022 wezi waliiba hata watatu wa kituo hicho na kudai feza. Tumbo la mtu mmoja, na jamaa nzima ya wanyama inavunjika.

Mimi sijaacha nyama. Naomba vitu viwili tu: nyama ya sokomutu isiingie mu nyumba zetu, na tukienda kuuza mbuzi ao kuku, tumwambie muuzishaji asimfunge kichwa chini. Sisi njo tunatoa feza, atatusikia.

Na yule yaya, nikimkuta tena, nitamjibu: «Ndiyo, nakulaka. Njo maana nakuuliza.»

Asiyekubali aandike mu numero inayofuata, tutamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi mmoja wa Pedagojia