Mchuuzi wa Busisi anahitaji kadi kuliko mkurugenzi wa Dar

KWA miaka mingi mchuuzi wa Busisi hakuwa na haja ya kujitangaza, kwani kivuko kilimtangazia. Magari yalipanga foleni, abiria wakashuka kunyoosha miguu, na katika kusubiri huko, ambako siku nyingine kulizidi saa nzima, mtu alinunua dagaa, karanga, mananasi au michembe hata kama hakuwa amekusudia.

Hali hiyo ilikwisha Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Sasa gari linavuka kwa dakika chache tu. Hakuna mwenye akili timamu atakayelilia foleni ile, maana mgonjwa anawahi hospitali na nyanya za mkulima zinafika Mwanza zikiwa bado nzima. Lakini mchuuzi naye amepoteza kitu, nacho ni muda wa mteja.

Hoja ya wachuuzi kutengewa mahali pazuri ambapo magari yanaweza kuegesha ni ya haki, nami naiunga mkono. Hata hivyo, maegesho hayawezi kurudisha saa nzima ya kusubiri. Dereva anayesimama kwa hiari yake husimama dakika tano. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: huyo aliyesimama leo, wiki ijayo atakupataje bila hata kusimama?

Jibu langu ni kadi ya biashara. Wapo watakaocheka, wakisema kadi ni za wakubwa wa maofisini. Mimi naona kinyume chake. Mkurugenzi wa Dar es Salaam ana ofisi yenye bango na katibu muhtasi, ukimtafuta utampata. Muuza dagaa wa kando ya barabara ndiye asiyepatikana mteja akishaondoka.

Niliwahi kununua dagaa safi kabisa upande huu wa ziwa. Nikaomba namba ya simu, nikaandikiwa kwenye kipande cha boksi. Nilipofika nyumbani nikahesabu tarakimu zikawa tisa badala ya kumi. Yule mama alipoteza oda ya debe zima kwa sababu ya tarakimu moja.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kadi 100 zinagharimu Sh10,000, yaani Sh100 kwa kila kadi, na faida yako kwa sado moja ya dagaa ni Sh2,000. Wakirudi wateja watano tu kati ya 100, kila mmoja akanunua sado moja, gharama imerudi. Wa sita ni faida, na mteja wa dagaa hanunui mara moja akaacha.

Ila kadi yenyewe iwe ya maana. Nimeona kadi za watu wanaouza bidhaa moja tu, zimeandikwa "jenero saplaizi" na cheo cha Mkurugenzi Mtendaji. Hiyo haimsaidii mteja. Andika jina unaloitwa sokoni, unachouza, mahali ulipo kwa alama inayoonekana barabarani, na namba ya simu.

Kuhusu namba hiyo naomba tuelewane vizuri. Iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Mnunuzi wa mbali atatuma fedha kwa simu, na kabla hajathibitisha, simu itamwonyesha jina la mpokeaji. Kadi ikisema jina moja na simu ikasema jina la mpwa wako, ataogopa, na ana haki ya kuogopa; nchi hii nzima imeshapokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tena usibadilibadili namba. Tangu Machi 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine ukabaki na namba yako ileile, hivyo kisingizio hicho hakipo.

Nyuma ya kadi nako kusiachwe kutupu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Mama lishe wa Kahama halijui hilo. Akipiga simu akaambiwa hakuna mzigo, atadhani umemkimbia. Andika kwamba siku za mbalamwezi dagaa huadimika, oda ziwekwe mapema. Kwa muuza mananasi, taja miezi ya msimu.

Nikiri pia kwamba kadi ina hatari yake. Dagaa wakianikwa juu ya mchanga badala ya chanja, mteja atatafuna mchanga, na safari hii anayo namba yako. Zamani aliyelalamikia mchanga alikuwa ameshafika Geita, hana wa kumlaumu. Asiyetaka kusafisha mzigo wake ni heri asichapishe kitu.

Nawe chukua namba ya mteja, iandike kwenye daftari pamoja na alichonunua, ili mzigo mzuri ukiingia uwe wa kwanza kupiga. Kadi usiitumbukize ndani ya mfuko wa dagaa. Itanuka, itatupwa na mfuko. Mpe mkononi, pamoja na chenji.